Dirisha la Mama na Klima ya Yaya

Treni iliyonitoa Lubumbashi ilikuwa na haraka siku ya kwanza tu. Baada ya hapo ilisimama popote alipoonekana mtu mwenye sinia la mihogo, na mara nyingine ilisimama porini pasipo na mtu wala sinia, tukashuka kuokota kuni na kupika kando ya reli kama watu waliohamia pale. Kabalo tulikaa mpaka abiria wakajuana majina ya watoto wao. Kalemie nikasubiri boti. Ilipopatikana ilikuwa boti ya mbao yenye mashine, imejazwa simenti, vitanda vya chuma na mbuzi, nami nikapewa nafasi yangu juu ya mifuko ya simenti. Nilikuwa na begi moja. Ndani yake mlikuwa na nguo, bisibisi zangu, na kofia ya sufu niliyomnunulia mama.

Nilikuwa sijaukanyaga mji wetu wa Baraka tangu ujana. Vita vilitutoa tukiwa bado wanafunzi, tukavuka ziwa hadi Kigoma, tukakaa kambini, na huko kambini ndiko nilikopata ugonjwa wa kutotulia. Amani ilipoonekana, mama na ndugu yangu mkubwa walirudi nyumbani. Ndugu huyo namwita yaya, kama tunavyowaita kwetu wale waliotutangulia kuzaliwa. Mimi nilielekea kwingine: Mpulungu, Kolwezi, Likasi, mwisho Lubumbashi. Kila nilipofika nilikumbuka nilikotoka, na kila nilipokumbuka sana nilihama. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa katika hoteli moja, kuosha machujio ya klima na kumwaga maji yake. Klima ni ile mashine ya kupoza chumba. Sikuwa fundi wake. Nilikuwa mtu wa ndoo na brashi.

Yaya alilijua hilo, ndiyo maana alinipigia simu.

"Rudia nyumbani," aliniambia. "Nimejenga. Nimeweka klima kila chumba, hata kwa mama. Nataka muntu wa damu wa kuangalia grupu, juu hawa bengine banakunywa mazutu kama pombe."

Grupu ni jenereta, mazutu ni dizeli, na 'juu' kwetu ni 'kwa sababu'. Yaya alikuwa akiuza mazutu na magunia ya ndagala wakavu, yaani dagaa, na mambo yake yalikuwa yamemnyookea.

"Na mama, iko aje?"

"Mama? Mama iko ndani ya baridi kama waziri!"

Niliikumbuka sentensi ile njia nzima, nikacheka peke yangu juu ya simenti. Mbuzi walinitazama.

Kabla sijasema neno jingine juu ya klima, lazima niseme juu ya dirisha, kwa sababu hasira yangu imeanzia hapo.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na chumba cha mama kilikuwa upande wa ziwa. Kilikuwa na dirisha pana la mbao, la chini, ambalo mtoto angeweza kulikalia akaning'iniza miguu. Baba alikuwa ameshafariki. Siku watu wenye bunduki walipoingia mtaa wetu, walikuja kwa mlango wa mbele, maana kila mtu anajua mlango wa mbele. Mama aliuegemea kwa mgongo na kutuamuru turuke dirishani. Yaya alipanda, akatazama chini, akaganda. Aliushika ubao wa dirisha kwa mikono miwili na hakuna neno lililoweza kumng'oa. Basi mama aliuacha mlango, akaja, akamng'ata kidole mpaka damu ikatoka. Yaya akaachia, akaanguka nje. Mimi nikafuata, na mama nyuma yangu. Tulilala katika shamba la muhogo la jirani hadi ziwa lilipotupokea.

Alama ya meno ipo mpaka leo kwenye kidole cha shahada cha yaya, mkono wa kulia.

Tangu siku ile mama hakulala tena katika chumba chenye njia moja ya kutokea. Kule kambini alitoboa tundu la pili katika kibanda chetu hata kabla hatujaweka turubai juu, na majirani wakamcheka: mama huyu anawajengea panya mlango. Aliwajibu kwamba panya wana akili, ndiyo maana bado wapo.

Boti ilitushusha Baraka asubuhi, milima ya Ubwari ikiwa nyuma yetu ng'ambo ya maji. Nilipanda kutoka ufukweni kwa miguu. Nilikuwa nimejiandaa kulia nikiiona nyumba, lakini nyumba yenyewe haikuwapo. Palipokuwa pake palisimama jengo la bloku za simenti, limepakwa rangi ya maziwa, vigae mpaka ukutani, na vioo vyeusi mbele ambavyo havikuwa vya kufungua. Kwenye kuta za nje yalining'inia yale masanduku ya chuma yenye feni, sehemu za nje za klima, moja kwa kila chumba. Kuku alikuwa ametaga chini ya mojawapo.

Yaya alinikumbatia, akanivuta ndani. "Angalia dari," aliniambia. Dari ilikuwa chini kiasi kwamba niliigusa kwa mkono. "Nimeishusha mimi mwenyewe. Baridi isipotee huko juu."

"Sasa hivi iko joto, yaya."

"Juu grupu imezimwa. Itakuya wakati ya bageni."

Hapo nilielewa namna ya kuishi katika nyumba ile. Klima zilikuwa za wageni, kama sahani za kabatini. Mgeni wa heshima akija, grupu inanguruma, vioo vinatoka jasho, watu wanavaa masweta sebuleni. Mgeni akiondoka, grupu inazimwa, na baada ya muda mfupi nyumba inakuwa tanuru la mikate. Familia nzima ilikuwa ikiishi uani. Shemeji yangu alipika uani, alisuka nywele uani, na alikemea watoto uani. Nyumba ilikaa pale nyuma yao, imefungwa.

Na Baraka ina upepo! Hilo ndilo linaloniumiza. Mchana unatoka ziwani, jioni unashuka kutoka milimani, na haudai kitu kwa mtu. Wazee waliojenga zamani waliacha madirisha mawili yanayotazamana, na bati waliliinua juu, wakalala kama watu. Ndugu yangu aliuzibia nje upepo wa Mungu kisha akachoma mazutu kutengeneza mwingine.

Mama alitoka chumbani kwake akijikokota na fimbo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Alinishika uso kwa viganja viwili, hakulia, akasema, "Umekonda, we mutembezi. Kuya uone kile bamenifanyia."

Chumba chake kilikuwa palepale, upande wa ziwa. Klima ilikuwa juu ya kitanda. Na ukutani, penye dirisha, palikuwa na kiraka cha bloku kilichopakwa rangi isiyofanana na ya ukuta mwingine. Mama aliweka kiganja juu yake.

"Njo dirisha yangu," alisema, yaani ndilo dirisha lake. "Balilijenga. Kisha fundi wa klima akasema balizike. Basi balilizika."

Nilimwuliza yaya siku hiyo hiyo. Alinijibu bila kuona haya kwamba fundi alimwambia baridi inatoroka kwa madirisha. Nikamwambia, dirisha unaweza kulifunga klima ikiwaka, na kulifungua ikizimwa. Hoteli nzima kule Lubumbashi ilifanya hivyo. Alinitazama kama mtu anayemtazama mpagazi aliyeanza kutoa mahubiri.

"We ulikuwa unamwaga maji ya klima," alisema. "Fundi njo mwenye kujua klima."

Basi fundi mwenyewe akaja, kutoka Uvira, kuzikagua mashine. Alikuwa kijana wa miwani ya jua, suruali imenyooshwa, na pikipiki iliyombeba ilikuwa imemvika vumbi la Mboko, mji wa njiani, mpaka nyusi. Nilimwonyesha chumba cha mama. Nilimwambia klima ile ni kubwa mno kwa chumba kidogo vile: inapoza hewa mara moja, inazima kabla haijakausha unyevu, kisha inawaka tena. Kuta zinatoka maji, godoro linanuka. Nilikuwa nimeyaona hayo katika hoteli, kwenye vyumba vidogo vilivyopewa mashine za ukumbini.

"Uliichagua kwa kupima nini?" nilimwuliza.

Alishangaa kabisa. "Kwa kupima? Nilimuangalia mwenye nyumba. Muntu kama yeye naweza kumuuzia ya kidogo? Atasema ninamudharau."

"Lakini anayelala humu ni mama muzee."

"Mama ya muntu mukubwa ni muntu mukubwa, papa." Akacheka, akagonga mashine kwa kiganja kama anayepiga tako la ng'ombe. "Hii ni mashine ya heshima. Na lile dirisha, musilifungue. Ukilifungua garanti inakufa."

Sikuwahi kuiona karatasi ya hiyo garanti, dhamana ya mashine. Aliosha machujio mawili ya sebuleni, yale ambayo yaya angeyaona, akanywa soda, akaondoka. Yaliyobaki niliyaosha mimi. Vumbi la barabara ya Baraka ni jekundu na laini kama unga, na katika kila chujio nililotoa lilikuwa limeshikana kama tabaka la ugali ulioungua. Mijusi ilikuwa imekufa kwenye mashine ya chumba cha watoto. Bomba la maji la klima ya mama lilikuwa limewekwa juu kidogo kuliko lilivyopaswa, kwa hiyo maji yalirudi ndani na kumdondokea miguuni. Nililishusha. Nikaweka ndoo nje chini yake, ukutani palipokuwa na dirisha.

Kuanzia hapo tukawa na desturi yetu, mama na mimi. Nilipokwenda kumwaga ndoo, niligonga kile kiraka kwa bisibisi, naye aligonga kwa ndani kwa fimbo. Wakati mwingine aliongeza tusi, nililisikia kama linatoka kisimani.

Sasa nifike kwenye moto.

Mama alizaliwa juu, milimani nyuma ya Lubondja, ambako usiku ukikaa bila moto meno yanagongana. Kwao mwanamke hazimi moto wa nyumba yake. Jioni anaufunika kwa majivu, asubuhi anaufukua, na nyumba ambayo asubuhi imeomba kaa kwa jirani inasemwa. Alipoolewa akashuka ziwani, kwenye joto, hakuiacha desturi hiyo. Maisha yangu yote ya utoto kulikuwa na mbabula, jiko la makaa, katika pembe ya chumba chake, makaa yamelala chini ya majivu. Halikumdhuru mtu hata siku moja, kwa kuwa lile dirisha lilikuwa wazi daima, usiku na mchana, mvua na jua. Moshi na sumu yake vilikwenda ziwani.

Yaya alipomjengea chumba cha klima alimkataza moto. Mama alikubali kwa kichwa, kisha akauhamishia uvunguni.

Niliuona nilipoinama kutafuta chanzo cha maji ya sakafuni. Lubumbashi, kila msimu wa baridi, watu wanaingiza mbabula ndani, wanafunga mlango, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Wanakutwa wamelala vizuri, mashavu yana rangi nzuri. Niliyaona hayo mtaani kwangu, nikasaidia kubeba.

"Mama, hii mbabula itakuua."

"Imenilea."

"Ilikulea na dirisha. Sasa hakuna dirisha."

"Basi nirudishie dirisha," alisema, "mi nitakupa mbabula yangu."

Nililitoa lile jiko mara nyingi, na kila mara lilirudi; wajukuu walimletea kaa kwa siri kutoka jikoni kwa shemeji, wakidhani ni mchezo. Mchana mlango wake ulikuwa wazi kwa uani, kwa hiyo nilipumua kidogo. Usiku nilimshawishi alale na mlango wazi, nami nikaweka mkeka wangu barazani mbele yake. Lakini mtu mzima hawezi kumlinda mama yake kwa mkeka. Nilirudi kwa yaya.

Alikuwa ofisini kwake, yaani kontena la kuuzia mazutu, telekomande ya klima, ile rimoti yake, mezani. Nilimweleza yote: jiko, mlango, watu wa Lubumbashi. Nilimwomba bloku chache tu zitolewe. Alinisikiliza huku akiwasha na kuzima telekomande hewani, kwa kidole kile kile chenye alama ya meno.

"Mutamunyang'anya ile mbabula, basi," alisema. "Huyu mama anataka kunirudisha porini. Bantu banakuya kwangu, banasema: unaona, mama yake iko na klima. Sasa wee unataka baone tundu?"

"Si tundu. Dirisha."

"Ukutani yangu ni tundu."

"Yaya, wee ulitokea wapi siku ile?"

Aliuficha mkono chini ya meza. Nadhani hakujua kuwa ameuficha. "Ile ilikuwa vita," alisema. "Sasa hakuna vita."

Aliyasema haya Fizi, eneo letu ambalo bunduki hazijanyamaza kabisa! Nilitoka bila kuaga.

Kisha ikaja siku ya mahari ya binti yake mkubwa. Wageni, upande wa kijana, walikuwa wanatoka Mboko na mbuzi wao na vitenge vyao na msemaji wao mwenye koti. Yaya aliamuru grupu iwashwe tangu saa sita ili nyumba ishike baridi vizuri. Mimi niliambiwa nikae nyuma ya nyumba na mashine, nisipite mbele ya wageni na nguo zangu za mazutu. Mama alivishwa kitenge kipya, akaketishwa kitandani, klima ikawekwa hadi mwisho, na mlango ukafungwa ili baridi isitoroke. Mpango ulikuwa kwamba wageni, baada ya soda, wapelekwe wamsalimie pale alipo. Waone wenyewe.

Nilikwenda kumwaga ndoo yangu. Niligonga kiraka. Aligonga.

"Uko na ile kofia?" nilipaza sauti.

"Niko nayo," ilikuja sauti ya kisimani. "Na bado nakufa na baridi. Ambia yaya yako mi si samaki!"

Nilicheka na kurudi kwenye grupu, iliyokuwa ikikohoa kwa sababu klima zote zilikuwa zinavuta pamoja. Nilisafisha chujio la mafuta, nikakaza mkanda. Kutoka sebuleni nilisikia msemaji wa wageni akianza maneno yake ya kubisha hodi, kwamba wameona ua zuri katika bustani hii, na watu wa upande wetu wakimjibu kwamba hapa hakuna bustani, hapa kuna klima tu, na vicheko. Baadaye nilisikia nyayo za wengi kwenye ukumbi, mlango wa mama ukifunguliwa, sauti ya yaya ikisema, "Bapendwa, huyu njo mama." Kisha mwanamke mmoja: "Analala! Baridi imemubembeleza." Wakacheka kwa sauti ya chini, kwa adabu. Mlango ukafungwa taratibu.

Hawakukosea kuwa wapole. Walikuwa wageni. Yaya aliyekuwa anajua kuwa mama yetu halali mchana, hata akiwa na malaria, alifunga mlango ule.

Ndoo ilijaa tena. Niligonga kiraka. Hakuna kitu. Niligonga kwa nguvu, nikamwita. Nikasikia feni tu.

Nilipita sebuleni nikiwa na mafuta mpaka viwiko. Nakumbuka nilipindua meza ndogo, na soda ikamwagikia viatu vya msemaji. Nilipofungua mlango, baridi ilinipiga usoni, na chini ya baridi kulikuwa na ule ujoto mzito usio na harufu ya kutosha kukuonya. Mbabula ilikuwa ikiwaka uvunguni, na mama alikuwa ameegemea ukuta, kofia ya sufu imeshuka mpaka nyusi, mashavu yake yana rangi nzuri. Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kama gunia la ndagala. Nilimpitisha katikati ya wageni, nikamlaza uani, kwenye upepo, na mama mmoja mgeni, mnene, aliyeelewa upesi kuliko wote, akapiga magoti, akamfungua nguo kifuani na kuanza kumpepea kwa kitenge cha mahari kilichokuwa bado kimekunjwa.

"Tulimusalimia sasa hivi," msemaji alikuwa akirudia. "Alikuwa analala muzuri. Alikuwa analala muzuri."

Mama alitapika. Sijawahi kufurahia matapishi ya mtu kama nilivyofurahia yale. Kisha alifungua macho, akamtazama yule mama mgeni, akauliza kwa sauti ya mlevi, "We ni nani unanivua nguo?"

Tulimpeleka hospitali kwa gari la wageni. Alipewa hewa, akalazwa, akaniuliza kama jiko lake liko salama. Niliogopa na nikachukia kwa wakati mmoja.

Niliporudi nyumbani yaya alikuwa amekaa sebuleni peke yake. Wageni walikuwa wameondoka. Mahari waliyaacha, ni watu wa heshima. Nilidhani nitamkuta analia.

"Nimewaambia ni tansio," alisema, maana yake shinikizo la damu. "Tansio ya wazee. Umeelewa? Kila muntu akikuuliza, ni tansio."

"Ni lile dirisha, yaya."

"Ni ile mbabula! Na wee ulikuwa wa kuangalia!" Akasimama. "Nimeshaongea na fundi. Ameniambia kuko klima ya aina ingine, inatoa baridi, inatoa na moto. Unabonyeza tu. Mama akisikia baridi, anabonyeza, chumba kinakuwa moto. Ataacha makaa. Njo suluhisho."

Nilimtazama mtu huyu. Tulikuwa Baraka, jasho linatutiririka mgongoni kwa kuwa grupu ilikuwa imezimwa. Alikuwa tayari kununua mashine ya kutengeneza joto, Baraka, kando ya Tanganyika, ili asitoe bloku chache ukutani. Nimesafiri sana. Nimeona watu wajinga katika miji mingi, na wengi wao niliwapenda. Lakini sijaona ujinga uliolipiwa usafiri kama ule.

Mama alirudi. Alilala uani wakati wakisubiri mashine mpya, chini ya upenu, na mbabula yake kando, na alikuwa mzima kabisa. Nilidhani labda itaishia hapo. Lakini msimu wa mvua ulikuwa umeanza, upepo ukaleta maji chini ya upenu, na yaya akasema mama wa mtu kama yeye hawezi kuonekana akilala nje kama mbuzi. Jumapili moja aliamuru kitanda kirudishwe chumbani, kisha akaenda kanisani na nyumba nzima. Mama hakwenda. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, fimbo magotini, akiutazama ukuta.

"Wee mutembezi," alisema. "Mashine ikikuya, mi nitabonyeza wapi? Macho yangu haioni hata uso yako."

Nilitoka, nikaenda kwa jirani yetu, mkimbizi kutoka Burundi anayefyatua bloku, nikamwomba nyundo kubwa na tindo. Aliniuliza ni za nini. Nilipomwambia, alifikiri kidogo kisha akasema, "Anza juu. Ukianza chini itakuangukia miguu."

Nilianza juu. Simenti ya kiraka ilikuwa mbovu, mchanga mwingi, kwa maana hata katika kumfungia mama walibana matumizi. Kila pigo nililitia jina la kitu: dari, garanti, heshima, tansio, bageni. Mama alikaa nyuma yangu akipepea vumbi na kuniamuru. "Kushoto. Kushoto, nimesema! Panua, mi nimenenepa kidogo." Hakuwa amenenepa hata kidogo. Bloku ya kwanza ilipodondoka nje, iliangukia ndoo yangu na kuibonda. Kisha ziwa likaingia chumbani. Sijui kulisema vinginevyo. Harufu yake, makelele yake, watu wa ufukweni wakipigizana kelele juu ya nyavu, upepo ule wa bure ambao ulikuwa umesimama nje ya ukuta ule muda wote.

Mama alikwenda hadi kwenye tundu, akaweka viwiko juu ya bloku zilizobaki. Alipima kwa fimbo, upana, kimo kutoka chini. "Naweza kupita," alisema.

Walirudi kutoka kanisani wakiwa na nyimbo mdomoni. Yaya aliingia chumbani na Biblia kwapani. Alilitazama tundu, akanitazama mimi, mweupe kwa vumbi, na sijui alimwona nani. Aliinua mkono na nilidhani atanipiga. Mama alimwita jina lake la utotoni, ambalo sitaliandika.

"Ukizika tena hii dirisha," alimwambia, "nitakung'ata ingine."

Yaya aliushusha mkono. Hakumjibu mama; mama hajibiwi. Alinigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Kesho usilale hapa."

"Sitalala."

"Usirudi. Umevunja nyumba yangu mbele ya watoto wangu. Toka, zunguka kama unavyozunguka. Lakini hapa, usirudi."

Nilikuwa nimekuja kutoka mbali kuliko wote katika nyumba ile kuitafuta nyumba ambayo haikuwapo. Nilimwambia asihangaike.

Asubuhi nilimuaga mama. Nilitaka aje nami Uvira, tutafute chumba. Alikataa kabla sijamaliza. Alisema amemzaa yule mjinga kama alivyonizaa mimi, na mjinga anahitaji kuangaliwa kuliko mtembezi. Juu ya klima iliyozimwa alikuwa ameanika ile kofia ya sufu niliyomletea, aliyoifua. Tundu alikuwa amelitundikia kitenge, kile cha mahari, ambacho yule mama mgeni alimwachia. Mbabula ilikuwa katika pembe yake ya zamani, si uvunguni tena, mbele ya macho ya kila mtu.

"Nenda," alisema. "Pikipiki itakuacha."

Nilizunguka nyuma ya nyumba kuchukua ndoo yangu iliyobondeka; ilikuwa yangu, niliinunua mwenyewe, sikutaka wabaki nayo. Nilipokuwa nimeinama chini ya ukuta, kitenge kilisogezwa na sinia la majivu likatokea juu ya kichwa changu, kama lilivyokuwa likitokea kila asubuhi ya utoto wangu.

"Toka hapo, we!" mama alipiga kelele. "Namwaga!"

Nikatoka, akamwaga. Upepo uliyachukua majivu kuelekea maji, mengine yakanipata begani. Sikuyapangusa mpaka Mboko.